Sarfa ya Dorothy

Dorothy alianza utangazaji akiwa na miaka kumi na miwili, na wala hakujua kwamba ni kazi. Kanisani kwao Mnyambe, Newala, alisoma matangazo kila Jumapili: nani anaoa, nani kafiwa, lini watapalilia shamba la kanisa. Hata aliyesinzia benchi la nyuma alimsikia. Baadaye akafanya kazi redioni miaka sita, na sasa televisheni ya mkoa, pale Masasi, ilikuwa imempa miezi mitatu ya majaribio. Jioni hii ilikuwa ya mwisho, na moyo ulimdunda kwa furaha. Haya, na hofu kidogo.

Nehemia, mhariri wake, mtu wa Mwanza asiyecheka ovyo, alishamwambia waziwazi: "Ukichanganya tena R na L hewani, unarudi kuandika, asome mwingine." Kumwambia Mmakonde kama Dorothy hivyo ni kumkaba koo. Wiki nzima Dorothy alifanya mazoezi, kalamu kati ya meno: korosho, barabara, ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyapaka maua ya mikorosho unga mweupe.

Saa moja jioni kamera ikamwelekea. Barabara ikatoka. Ubwiriunga ukatoka laini, mpaka mpiga picha akainua dole gumba. Dorothy akapata mzuka, kila R ikanguruma, na kwa mwendo huohuo akatangaza: "Wakulima wa Newala, sarfa ya kupulizia imefika ghala la Makote. Ugawaji ni kesho asubuhi."

Sarfa. Salfa, dawa ya ubwiriunga ambayo kila mtoto wa Newala anaijua kabla ya kujua kusoma, kaibatiza jina jipya. Mpiga picha akajificha nyuma ya kamera, mabega yakimtikisika. Dorothy alimaliza habari akitabasamu, ila moyoni alishafungasha.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo sarfa ni kali kuliko salfa?"

"Ni ileile, mama."

"Haya, nitakwenda hivyohivyo."

Kesho yake Nehemia akamwita ofisini, akamsomea ujumbe wa mtunza ghala wa Makote: watu wamejaa tangu alfajiri, mzigo umekwisha, wanaomba gari la pili. Kisha akampigia afisa kilimo.

"Makote wanahitaji sarfa nyingine," akasema. Dorothy akatazama dari. "Salfa," Nehemia akarudia polepole, akakata simu.

Halafu akamsogezea mkataba. "Watu wamekuelewa. Saini hapo."

Alimpa kalamu, lakini Dorothy akatoa ya kwake, yenye alama za meno.