Glasi Juu ya Kichwa cha Bibi Somoe

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuzungushia hewa tusiyoiona, nayo ndiyo uhai wetu.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa msichana wa sekondari hapa mtaani Rahaleo, mtoto mchanga wa jirani yetu Mzee Bakari alishikwa na homa isiyoshuka. Badala ya kupelekwa hospitali, akaitwa mganga aje kumtaja aliyemroga. Majirani tukakalishwa mkekani, uani kwa Mzee Bakari. Alikuwamo Bibi Somoe, mjane aliyevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, asiye na ndugu mjini. Alipanga chumba pale pale, na ndiye aliyekuwa akimwogesha mtoto yule.

Mganga akajaza glasi maji pomoni, akaifunika kwa kadi ya harusi, akaipindua. Kadi ikaganda, maji yasimwagike.

"Atakayelowa ndiye," akasema, akaanza kuipitisha juu ya vichwa vyetu. Ilipofika kwa Bibi Somoe, maji yakamwagika yote.

Mzee Bakari akainuka. "Funga virago vyako, bibi. Leo hii."

Mimi nilikuwa nimekiona kidole gumba cha mganga kikiinua pembe ya kadi. Tena jaribio lile la glasi na kadi tulikuwa tumelifanya shuleni. Nikafoka, "Mwongo huyu!" Baba akanivuta niketi, na watu wakaninung'unikia. Bibi Somoe, maji yakimtiririka shingoni, akaniambia taratibu, "Usimtukane, mjukuu wangu. Kama unajua, onyesha. Ishike glasi hapa hapa, juu ya kichwa changu."

Nikajaza glasi, nikakata kipande cha boksi la biskuti, nikakibana juu yake kwa kiganja, nikaipindua juu ya kichwa chake, kisha nikauondoa mkono polepole. Maji hayakumwagika. Nikawaeleza kwamba hewa ina nguvu, nayo inakisukuma kile kipande kutoka chini. Ikipata upenyo wa kuingia ndani, maji huanguka. Kisha nikaileta glasi juu ya kichwa changu mwenyewe, nikainua pembe kwa ukucha. Nikalowa chapachapa.

"Kumbe mchawi ninaye nyumbani," mama akasema, na watu wakacheka.

Mzee Bakari hakucheka. Alimwinamia Bibi Somoe, akasema, "Nisamehe, mama," akaingia ndani kumchukua mtoto. Vijana wakaanza kumzomea mganga, nami nikawa wa mbele. Bibi Somoe akanishika mkono.

"Jaza glasi tena. Mpe anywe. Ametoka mbali, na jua ni kali."

Mganga akanywa akitazama chini. Bibi Somoe akampakata mtoto mpaka hospitali, na Mungu akamponya.

Nakuusia, mwanangu: mtoto akiumwa, dua na hospitali viende pamoja. Usimhukumu mtu kwa kuwa hana wa kumtetea. Ukijua jambo, waonyeshe watu walione kwa macho yao, maana tusi halijamfumbua mtu macho. Na ukishinda, usimdhalilishe uliyemshinda. Shule ilinifundisha kuipindua ile glasi, na ninashukuru; kuijaza tena nilifundishwa na Bibi Somoe.

Wewe uliyesoma haya, Mola akujaalie elimu yenye huruma, akukinge na kusingiziwa na kusingizia, na siku utakapokaa peke yako mkekani, akuinulie mtu wa kusimama nawe. Amina.