Maneno Aliyomwambia Fahali

Kaka yangu mkubwa hakuwahi kuniomba kitu kwa adabu. Siku ile alinitupia kamera yangu ndogo mapajani, akaniamuru nimfunge nayo kifuani: anaenda kupiganisha fahali, na jamaa zetu wa Nairobi wanataka kuona. Fahali huyo alizaliwa na ng'ombe wa mwisho wa marehemu baba, na kaka alimlea tangu akiwa ndama. Mimi nilikuwa mpiga picha za harusi mjini Kakamega, kazi ambayo yeye aliiita uvivu. Nilimfunga kamera na kuukaza mkanda kuliko ilivyohitajika.

Fahali alishinda. Video ilikuwa ya dakika arobaini: nyasi, migongo ya wanaume, matawi, ngoma za isukuti. Pambano lenyewe lilikuwa fupi, na nusu yake ilizibwa na mkono wa kaka. Niliiweka mtandaoni vilevile, makusudi. Jamaa wa Nairobi walitazama kidogo wakachoka.

Jumapili baada ya kanisa, tukiwa kwa mama pamoja na wakwe zetu, kaka alinishambulia. "Wewe unaharibunga kila kitu unashika. Ng'ombe ameshinda, na wewe unaonyesha watu nyasi."

Wakwe walicheka. Nilimchukia mpaka kuku akakosa ladha mdomoni mwangu.

Niliirudia video nikitafuta ushahidi kwamba aliyeharibu ni yeye. Ndipo nikasikia sauti yake. Kwetu mwenye fahali hukimbia ubavuni mwake akimsemesha njia nzima, na fahali hupigana akiisikia sauti hiyo. Ngoma huyafunika maneno, kwa hiyo hakuna mwingine anayeyajua. Lakini kamera ilikuwa chini ya kidevu chake.

"Nisimamie, wewe," alikuwa akisema kwa lugha yetu. "Baba aliniachia wawili, wewe na yule wa kamera. Yule ameshanishinda. Wewe usinikimbie."

Kazi yangu imenifundisha kwamba mtazamaji hasubiri pembe zigongane. Anamsubiri mtu anayeogopa kupoteza kitu. Nilikata nyasi zote na migongo yote, nikaiacha sauti, nikaandika maneno chini ya picha kwa Kiswahili, nikairudisha video mtandaoni. Yale ya kunihusu sikuyafuta. Nilitaka aumbuke, watu waone ni ndugu wa aina gani.

Watu wakampenda. Wageni kutoka Butere hadi Chekalini waliandika kwamba amewaliza. Vijana wa Lurambi wakawa wakimwona tu barabarani wanamwambia, "Nisimamie, wewe." Kaka alikuja mlangoni kwangu, hakukubali kuketi.

"Hayo nilikuwa naambia ng'ombe," alisema.

"Na mimi nikasikia," nikamjibu.

Akaenda zake. Ningeweza kuifuta video jioni ileile. Sikuifuta, kwa sababu ilikuwa inatazamwa, na kwa sababu bado nilikuwa na hasira naye.

Pambano lililofuata, vijana walimzunguka kaka tangu alipotoka bomani, simu zao zikiwa karibu na mdomo wake. Mimi nilitangulia mbele yao, kamera kwenye paji la uso. Kaka alikimbia ubavuni mwa fahali kama kawaida, lakini hakutamka neno hata moja. Uwanjani fahali alipomkabili mwenzake, alimgeuzia kaka sikio. Akaligeuza tena. Kisha akakimbia, akapasua umati, akaingia kwenye miwa. Fahali aliyekimbia harudishwi uwanjani. Jumanne alikuwa kwa mchinjaji.

Video hiyo ninayo, na sijamwonyesha mtu. Ni picha safi kuliko zote nilizowahi kupiga, na haihitaji kukatwa mahali popote. Sikio la fahali linaonekana vizuri likimgeukia kaka. Lakini kaka hamtazami fahali. Ananitazama mimi, na mdomo ameufunga.