Mlinda Mvua wa Kibirizi

Mvivu nani? Hilo neno lirudishe ulikolitoa. Ndivyo nilivyomjibu jirani yetu hapa Gungu, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali, juzi alipokuja kunywa chai kwetu akasema gemu ni mchezo tu, halijawahi kumharibu mtu, kaka yangu kazaliwa mvivu. Shikamoo nilishampa, heshima yake nilishaimaliza. Akaondoka chai ikiwa nusu kikombe. Basi kaa wewe, nikuambie ambayo yeye hakutaka kuyasikia.

Sisi tumekulia Kibirizi, kwa bibi. Mama alikuwa anapika kwa watu mjini, anakuja Jumapili. Bibi alikuwa anaanika dagaa. Asubuhi mitumbwi ikiingia, taa za karabai bado zina joto, kina mama wanapigia kelele bei kwa Kiswahili na kutukanana kiutani kwa Kiha, mabeseni yanapanda vichwani, na kabla jua halijawa kali mchanga wote umeshageuka fedha. Sisi tunakula ugali wa muhogo wa jana na dagaa waliokaangwa na mawese, midomo inabaki rangi ya chungwa mpaka shuleni. Jumamosi na likizo kazi yangu ilikuwa kugeuza dagaa kwa ufagio laini na kufukuza kunguru. Kazi ya kaka ilikuwa kubwa kuliko yangu. Yeye alilinda mvua.

Wewe unayenunua dagaa sokoni hujui hii. Mtu akianika ameinama, mbingu haioni. Na dagaa akilowa akiwa nusu mkavu, kwisha, utampa kuku. Kwa hiyo pale kwetu palikuwa na mtoto mmoja anakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, debe tupu katikati ya magoti, macho ng'ambo ya ziwa kwenye milima ya Kongo. Akipiga debe, wanawake wote wanakusanya, hakuna kuuliza. Kaka alipewa lile debe ana miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa na kumi.

Alinifundisha. Wingu jeusi lililo juu sana, hilo linapita zake. Ogopa la kijivu, la chini, kama maji uliyooshea mchele, likianza kufuta milima. Kina mama walikuwa wanamwita mzee, wakubwa wale, mtoto yule.

"Mzee wa mvua, tuanike?"

"Anikeni, mama zangu. Mpaka saa nane hamna kitu."

Mama mmoja mchuuzi alikuwa anasema kila siku, "Huyu nitamwoza binti yangu, niache kukunja shingo kutazama mbingu." Bibi anamjibu bila kuinua kichwa, "Binti yako hata ufagio hajui kushika. Mwache mjukuu wangu apumue."

Mtoto mvivu, wanawake ishirini watamwachia riziki yao?

Halafu nyuma ya maghala ya dagaa kikafunguliwa kibanda cha gemu. Mabati, pazia kuukuu mlangoni, televisheni mbili, benchi, joto kama ndani ya tanuri. Gemu lenyewe la mpira. Sheria ya pale ilikuwa fupi: aliyefungwa analipa na ananyanyuka, aliyeshinda anabaki. Sasa kaka, na yale macho yaliyokuwa yanaona mvua kabla haijazaliwa, na vile vidole, nani wa kumfunga? Hakufungwa. Kwa hiyo hakunyanyuka. Wavivu walikuwa wanafungwa mapema, wanarudi kwao kula.

Ilianza na, "Nishikie debe dakika kumi." Nikashika. Baadaye ikawa saa nzima, kisha hata siku za shule akawa anashinda kibandani. Mwalimu wa darasa lake akiniuliza, nasema ana malaria. Muhula mmoja nilimpa malaria mara nne. Bibi akiuliza macho yake mbona mekundu, nasema moshi. Nilikuwa nampelekea ugali kibandani chini ya kanga, naurudisha umepoa, nawatupia bata. Na nilijisikia vizuri, nisikudanganye. Kaka yangu haguswi na mtu mimi nikiwa hai.

Jumamosi moja ya msimu wa mvua, dagaa walikuwa wengi mpaka mchanga haukutosha. Nilikuwa juu ya mtumbwi, nikaona wingu. Sikulielewa. Nikakimbia kibandani, nikafunua pazia.

"Kaka, kuna wingu."

"La rangi gani?" Macho kwenye skrini.

"Sijui. Kama jeusi."

"La juu au la chini?"

"La juu... njoo uone mwenyewe."

"Jeusi la juu linapita. Funga pazia, mwanga unanisumbua. Hizi ni dakika za majeruhi."

Hatua tano tu mpaka mlangoni. Hakunyanyuka. Nikarudi nikawaambia kina mama, mzee kasema haiji. Wakaendelea kuanika.

Ilikuja ikitokea ziwani kama mtu anayefagia. Nilipiga debe, lakini nilipiga wakati matone ya kwanza yameshanigonga mgongoni. Turubai zilikuwa mbili. Kilichobaki kiligeuka uji, na jioni pwani nzima ilinuka. Yule mama mchuuzi alikaa kwenye mchanga, miguu mbele.

Bibi akauliza nani alisema haiji. Kaka alikuwa amefika, amesimama pembeni, amelowa. Nikamwangalia. Alikuwa anaangalia chini na vidole gumba vyake vinacheza, vinabonyeza kitu ambacho hakipo.

"Ni mimi, bibi," nikasema. "Kaka alisema inakuja, mimi nikabisha, nikawadanganya kasema haiji."

Nilichapwa. Debe likarudi kwa kaka, maana si alisema inakuja? Wiki haikuisha akanipa tena nimshikie.

Angesemwa siku ile, bibi angeenda kuking'oa kile kibanda kwa mikono yake. Nilimjua. Lakini hakuna aliyejua, basi hakuna aliyemzuia. Darasa la saba akafeli. Bibi akasema ni malaria zile. Kibanda kikafungwa, ikaja simu, hata kutoka nje haikuhitajika tena. Bibi alifariki akiamini mjukuu wa kupoteza dagaa ni mimi, na mjukuu wa akili ni yule. Sasa yuko chumba cha ndani hapa Gungu, mwanaume wa miaka ishirini na sita. Mama anamwekea sahani mlangoni. Ukimgusa bega anashtuka kama umemwamsha, ukimnyang'anya simu anakurukia, hata mama.

Nilipita Kibirizi mwezi uliopita. Siku hizi wengi wanaanika kwenye vichanja vya wavu, turubai zipo tayari, na hamna mtoto juu ya mtumbwi. Nilimwuliza dada mmoja wanajuaje mvua inakuja. Akanishangaa. "Si unaiona tu?" Akacheka, akaendelea kugeuza.

Sijisikii kulia nikisimulia haya. Nasema tu kilichotokea: kaka yangu hakuwa mvivu, na mimi nilimpenda vibaya.

Haya, kijana wa kwako sasa hivi yuko wapi, na nani anamfichia?