Matanga Katika Jumba la Waingereza

Kwii, kwii. Mbao za sakafu zililia hivyo chini ya miguu yetu, na sauti ile ninayo masikioni mpaka leo. Ilikuwa sikukuu ya Septemba, mwaka 2011, siku ambayo Johannesburg nzima inachoma nyama. Mimi nilimtoa dada yangu chumbani kwetu Berea, nikampeleka Parktown kutazama jumba la zamani la Waingereza waliotajirika kwa dhahabu.

Dada alikuwa amempoteza mtoto wake wa kwanza mwezi wa sita, siku nne tu baada ya kumzaa. Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia jengo lile, hatujui mtu, na hakuna aliyekuja kukaa nasi. Tangu hapo dada alijibu "ndiyo" na "hapana", basi. Hakuwahi kulia. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumba lenyewe, jamani! Ngazi zilizokuja kwa meli kutoka Uingereza. Dirisha la vioo vya rangi, linalomwaga wekundu mpaka kwenye viatu vyako. Bafu lenye miguu ya simba! Mimi niliyeishia darasa la sita Bujumbura nilitembea mdomo wazi, nikijiona nimefika Ulaya bila pasipoti.

Aliyetutembeza, bibi mmoja wa kizungu mwenye miwani ya kamba, akatuingiza chumba cha watoto. Kitanda kidogo cha chuma, farasi wa mbao. Akasema mtoto wa nyumba alifia pale kwa homa. Nikamgeukia dada.

"Anasemaje?" dada akauliza.

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. Nilipomwambia, akakaa chini palepale, akanyoosha miguu.

"Maji! Ameanguka!" bibi akapiga kelele.

"Hajaanguka, bibi. Anampa pole mama wa mtoto. Kwetu pole haitolewi umesimama."

"Lakini mwanangu, mama huyo alishakufa zamani sana."

Nikatafsiri. Dada akasema, "Wakati ule, nani alikaa naye?"

Bibi akafikiri. "Haikuandikwa." Kisha akashika ukuta, akajishusha taratibu mpaka sakafuni, kando ya dada. Hapo ndipo dada alipolia, kwa sauti, kama mtu aliye kwao. Wageni wengine wawili wakavua kofia, wasijue waiweke wapi mikono.

Kwenye teksi akanisukuma kwa kiwiko. "Wewe mtoto! Wenzio wanapelekwa kula aiskrimu, mimi umenipeleka msibani!" Akacheka, macho yamevimba.

Tulipofika akaoga, akalala. Nikashuka ghorofa ya chini kwa mama mmoja Mkongo, fundi cherehani, tuliyezoea kusalimiana naye tu. Nikamweleza yaliyotupata, nikamwomba mkeka. Nikapanda nao, nikautandika chini polepole nisimwamshe dada. Kisha nikafungua geti la chuma la mlango wetu, ambalo Berea hakuna anayeliacha wazi kwa hofu ya wezi, nikaliegemeza kwa kiatu changu lisijifunge.