Bomba la Kupozea Uji wa Mbege

Uji uliingia kwenye bomba ukichemka, ukatoka baridi kama maji ya kunawia alfajiri. Tatizo, ulitoka tone moja moja, na mama alikuwa na pipa zima la kupoza kabla jua halijazama.

Enzi hizo za Mwingereza, kaka yangu alitaka kuoa Machame. Kwa desturi yetu, upande wa mwanamume ndio unaopeleka mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa wakwe. Ikiwa mbovu, mazungumzo huishia mlangoni. Ndizi zilikuwa zimeshachacha, ila mvua ilichelewesha kimea cha ulezi hadi mkesha wa safari, na uji wa kimea ukichanganywa ungali moto, mbege huharibika.

Baba akamleta fundi bati kutoka mjini Moshi, Mwislamu asiyeonja pombe. Akalaza bomba ndani ya mfongo, mfereji wetu wa maji ya mlimani. Mara ya kwanza uji ukatoka moto. Akalipasua bomba, akalichomelea vipande vya bati kwa ndani kama mapezi ya samaki, akaliziba. Ndipo ukatoka baridi, tone moja moja.

"Uji ukigusa bati jingi, unapoa," alieleza.

"Na ukigusa bati jingi, unang'ang'ania," mama akajibu. "Fundi, bomba lako lina mafua?"

Baba akapandisha debe la uji juu ya paa la zizi ili uzito uusukume. Ukatoka kwa kishindo, haukupata hata muda wa kupoa, ukamfundisha fundi kuruka na kanzu yake.

"Mafua yamepona, sasa linahara!" jirani akapiga kelele.

Mama akaamuru: ng'oa nusu ya mapezi, debe lishuke hadi kwenye kichanja cha kahawa. Uji ukatoka vuguvugu, unene wa kidole, bila kukatika. Akachovya kiwiko.

"Changanyeni."

Huko Machame, baba mkwe alikunywa, akasita, akatema kipande cha bati. Akakigeuza juani, akakitia mfukoni.

"Imepoa vizuri," akasema. "Leteni nyingine."

Kaka akaoa. Baada ya mavuno ya kahawa nilipita kwa wakwe, nikaona bomba kama letu limelazwa mfongoni mwao, limefunikwa majani ya mgomba.

"Shikamoo, baba. Hilo la nini?"

"Marahaba. La kumwagilia migomba."

Migomba yake yote ilikuwa upande wa juu wa mfongo, na maji hayapandi mlima. Lakini ndani ya bomba lile, kama lina mapezi au halina, sijawahi kuchungulia.