Barua Chini ya Katoni za Biskuti

Wanaowajibika ni watatu. Nawataja kabla ya kueleza jambo lolote, kwa kuwa maisha yangu yote ya kazi nimesoma taarifa ambazo mhusika hufichwa hadi ukurasa wa mwisho, na pengine hata hapo asionekane. Wa kwanza ni msimamizi wa makao ya watoto ambako nilijitolea kutunza majalada. Wa pili ni wageni wanaofika pale na misaada, wakapiga picha, wakaondoka. Wa tatu ni mimi. Kosa lenyewe ni hili: mtoto wa kike wa miaka tisa alikuwa na ndugu aliyemtaka, ndugu huyo akaleta barua kuomba kumchukua, na barua ikakaa chini ya katoni za biskuti tangu kabla ya Ramadhani hadi mvua za masika zilipokatika.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa masijala katika ofisi moja ya umma pale Posta, katikati ya Dar es Salaam. Kwa asiyejua, masijala ni chumba ambamo kila barua inayoingia ofisini hupokelewa, hupigwa mhuri, hupewa folio, yaani namba yake ya mfuatano, na kufungwa ndani ya jalada lake. Kisha karani huandika dokezo kwa afisa anayehusika, na jalada huondoka. Kazi ya masijala huishia hapo. Karani hafuati jalada kwenye meza ya mkubwa kumwuliza amelifanyia nini. Huo ulihesabiwa kuwa utovu wa adabu, na katika utumishi wangu wote sikuwahi kuufanya.

Naishi Kariakoo, katika kiwanja nilichozaliwa. Nyumba ya wazazi wangu ilivunjwa likajengwa ghorofa, nami nikapewa vyumba viwili orofa ya nne. Nilidhani nitapata majirani. Vyumba vingine vyote vya orofa ile ni stoo za wafanyabiashara. Mchana wapagazi hupanda na marobota ya vitambaa migongoni wakipiga kelele watu wapishe, na ikifika jioni kila mlango una kufuli. Tangu mke wangu afariki, na watoto wangu wahamie mikoani kikazi, zilipita siku ambazo sauti yangu niliisikia kwa mara ya kwanza nilipokwenda kununua mkate. Nilikwenda makao yale kwa sababu nilihitaji mahali pa kumwambia mtu habari za asubuhi. Nalisema hili wazi, maana watu walianza kuniita mfadhili, na sikutaka kumbukumbu zikae vibaya.

Makao yalikuwa upande wa pili wa Mnazi Mmoja, nyumba ya zamani yenye ua wa saruji na tangi la maji. Msimamizi alikuwa mama mwenye roho njema, aliyepika, aliyefua, aliyepeleka wagonjwa hospitali na kulala na simu mkononi. Karatasi za watoto alizihifadhi katika mfuko wa salfeti. Nilipouona mfuko ule nilikasirika, na hasira ile ilinipa uhai ambao sikuwa nao kwa miezi mingi. Nilinunua majalada, nikatoboa, nikafunga, nikamfungulia kila mtoto jalada lake, nikaweka na kitabu cha wageni. Nilifika kila Jumanne na kila Jumamosi saa tatu kamili.

Watoto waliniita Babu Mhuri. Walijipanga mezani kwangu wakinyoosha viganja nivigonge mhuri wa tarehe, nami nilikataa. Mtoto ninayemwandika hapa ndiye aliyekuwa king'ang'anizi kuliko wote.

"Babu, nigonge na mimi."

"Mhuri ni wa barua."

"Kwani barua ikigongwa inakuwaje?"

"Haipotei."

"Basi nigonge. Au unataka nipotee?"

Wenzake walicheka. Niliugonga mgongo wa mkono wake, kidogo, pembeni. Nilipofika tena alinionyesha kwamba amekataa kuoga sehemu ile.

Mama yake alifariki akiwa amepanga chumba mjini. Mdogo wa marehemu alikuwa kwao Masasi akimwuguza mzazi wao; alipofika Dar es Salaam majirani walikwisha kumkabidhi mtoto kwa ustawi wa jamii, na ustawi wa jamii wakamleta makao. Huyo mama mdogo alibaki mjini kwa ajili ya mtoto. Alipanga chumba bondeni Jangwani, akapata nafasi ya kuweka cherehani kwenye baraza moja Kariakoo, akawa anashona sare za shule. Kila Jumamosi alasiri alifika na mfuko mdogo wenye kitana, mafuta na uzi mweusi. Alikaa kwenye benchi la ukutani, akambana mtoto katikati ya magoti, akamsuka msuko wa twende kilioni huku wakisimuliana.

"Tulia! Kichwa kama cha kuku."

"Unaniumiza, mamdogo."

"Ulipokuwa unataka kupendeza hukujua kama kuna kuumia?"

Akimaliza wa kwake, alisuka na wengine wawili watatu hadi uzi umwishie. Hakuleta katoni hata moja. Katika kitabu cha wageni, kwenye safu ya "msaada uliotolewa", nilimwandikia kistari.

Wageni wengine walijaza safu ile vizuri. Walikuja na fulana za rangi moja na bango la jina la kikundi chao. Nakumbuka kundi moja lililofika na magari matatu; kiongozi wao aliwapanga watoto uani juani.

"Wadogo mbele! Yule mwenye gauni lililochanika asogee katikati. Haya, semeni asanteee!"

"Asanteee!"

"Mzee, samahani, unaziba bango."

Nilisogea. Walileta biskuti, sabuni na viatu vya saizi moja kwa watoto wa umri wote. Hakuna aliyeuliza jina la mtoto, wala mtoto yupi ana ndugu, wala kama kuna barua ya kupeleka mahali na gari lilikuwepo. Walipoondoka, yule binti aliniuliza, "Babu, hawa watarudi?" Nilimwambia sijui. Akasema, "Mamdogo anarudi," na akaenda kucheza.

Wiki chache kabla ya mfungo, mama mdogo aliniletea barua mbili zilizobanwa pamoja: maombi yake ya kumlea mtoto, na utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake. Alizitoa ndani ya kanga alimozikunja zisipate jasho. Nilizisoma, nikagonga mhuri wa kupokelewa, nikazipa folio ya saba. Kwenye karatasi ya madokezo niliandika kwa mwandiko wangu ule ule wa Posta: "Msimamizi, folio 7 yahusika. Tafadhali iwasilishwe kwa afisa ustawi wa jamii kwa hatua." Nikaweka sahihi. Nikaweka jalada mezani kwa msimamizi, nikarudi kwenye kiti changu nikiwa nimeridhika.

Jumamosi iliyofuata aliniuliza, "Baba, barua yangu imefika wapi?"

"Inashughulikiwa."

Alipouliza tena Jumamosi nyingine, nilimjibu hivyo hivyo. Ramadhani ilianza, misaada ikamiminika, mchele na tende na maboksi hadi dirishani, naye akauliza, nami nikajibu. Neno lile nimelitumia maisha yangu yote bila kudhani kuwa ni uongo. Ofisini lilikuwa kweli: jalada likitoka kwangu, kulikuwa na mtu amelipokea anayejua la kufanya. Pale makao hapakuwa na mtu huyo. Palikuwa na mama mmoja aliyechoka, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha dokezo ni kitu gani. Mimi nilijua kwamba hajui. Nilikuwa nimeuona mfuko wa salfeti.

Kisha masika yakapiga. Jangwani ilijaa maji kama inavyojaa, na Jumamosi ile mama mdogo hakuja. Niliandika katika kitabu: "Mgeni wa mtoto hakufika." Jumamosi ya pili niliandika hivyo. Ya tatu na ya nne pia. Nimerudi kuyatazama maandishi hayo mara nyingi; yamenyooka, hayana doa la wino. Kutoka makao hadi Jangwani ni mwendo wa miguu ambao hata mimi na goti langu ningeumaliza kabla ya adhuhuri. Sikwenda. Nilikaa ndani ya ghorofa nikisikiliza mvua juu ya mabati ya jirani, nikihesabu siku za kufika Jumanne, ili mimi nikapate watu wa kunisalimu.

Binti alikaa na msuko ule ule hadi ukawa kama majani makavu. Aliziba masikio kila alipoambiwa ufumuliwe. Mwishowe msimamizi alimnyoa, kwa sababu za usafi, na sina la kumlaumu kwa hilo.

Mvua zilipokatika alikuja afisa ustawi wa jamii kukagua, kijana wa kike mwenye adabu. Aliomba majalada. Nilimkabidhi kwa fahari, moja baada ya jingine, hadi nikafika kwenye nafasi ya lile moja, nikakuta halipo. Nikamwuliza msimamizi.

"Babu, si yale unayoniwekea mezani? Mimi nilijua ukiniwekea yamekwisha, nikawa nayapanga stoo."

Tulikwenda stoo. Tuliondoa katoni za biskuti, tukaondoa bango lililosahauliwa na wageni, na chini kabisa tukakuta majalada sita, la binti likiwa la pili, kona yake imelowa. Dokezo langu lilikuwa pale pale. Chini yake palikuwa peupe.

Afisa alisoma akiwa amesimama. "Mzee, shikamoo tena," alisema. "Hii ingenifikia, ningemtembelea huyu mama wiki hiyo hiyo. Kila kitu kipo."

"Marahaba," nilijibu, maana ndilo jibu.

Nilitoka moja kwa moja hadi Kariakoo. Barazani, mahali pake palikuwa na fundi mwanamume mwenye utepe shingoni.

"Shikamoo mzee. Suti au kanzu?"

"Marahaba. Namtafuta mama aliyekuwa akishona sare hapa."

"Wa Masasi? Ah, huyo kaondoka siku nyingi. Chumba kilijaa maji, kitanda, nguo, vyote. Cherehani alikuwa amekipeleka nyumbani kukitengeneza, nacho kikazama. Akapanda basi kwao." Alivuta uzi akaukata kwa meno. "Na mtoto wamemnyima. Alisema kuna mzee mmoja pale makao, mkali, mwenye kalamu, kila akimwuliza anamwambia inashughulikiwa, inashughulikiwa. Sisi tukimtania, hiyo si barua, hiyo ni mimba ya tembo." Alicheka, kisha akanitazama vizuri, kuanzia viatu hadi kalamu mfukoni. Kicheko kikamwishia. "Siyo wewe, mzee?"

"Ndiye mimi."

Alinisogezea kigoda, akapiga simu, akanipa. Nilijitambulisha kwa mama mdogo kwa cheo changu cha zamani, kwa ujinga, kisha nikamweleza yote bila kumtaja mtu mwingine kabla yangu.

"Kwa hiyo hamkunikataa," alisema.

"Hakuna aliyeisoma."

"Mimi nilijua mmenikataa, baba. Ndiyo maana hata simu sikupiga. Nilisema nisimsumbue mtoto." Kisha akauliza, "Bado ananitaka?"

Sikuwa na haki ya kumjibia. Nilirudi makao nikamwuliza mtoto mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, kichwa kimeanza kuota nywele.

"Mamdogo amesema anakuja Jumamosi ipi?" alisema. "Maana hazijarefuka bado. Mwambie asubiri kidogo zirefuke."

Kwa kuwa mama mdogo amehama, utambulisho wa mtaa wa hapa haufai tena. Unatakiwa mwingine wa kwao, na afisa wa huko amtembelee, kisha aandikiane na wa hapa. Niliandika barua hizo mwenyewe, nikazipeleka kwa mkono, na kila Jumanne hukaa kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii hadi nipewe jibu. Makarani wananichukia, na najua wanavyoniita, kwa kuwa nami niliwaita hivyo watu kama mimi. Jumamosi hubeba kitana na uzi. Sijui kusuka. Binti hujisuka mwenyewe mbele, nami hushika kioo.

Kwa hiyo nadai, kwa maandishi na kwa heshima, yafuatayo. Bodi ya makao ieleze ni nani, kwa cheo na wajibu, anayesoma barua za ndugu wa watoto, na majalada mengine matano yaliyokutwa stoo yamechukuliwa hatua gani. Ofisi ya ustawi wa jamii itaje siku ambayo ombi hili litaamuliwa. "Linashughulikiwa" sitalipokea kama jibu. Vikundi vinavyofika na mabango vijibu, kabla ya kupangiwa siku ya ziara, nani kati yao atarudi wiki inayofuata, na atamfanyia mtoto gani jambo gani. Mimi niitwe mbele ya bodi hiyo nihojiwe kwa Jumamosi zote nilizomjibu mama yule, na kwa zile nne nilizoandika kuwa hakufika. Majibu yote yapelekwe Masasi kwa mwombaji, na nakala ifungwe katika jalada la mtoto kuwa folio ya nane, baada ya mtoto mwenyewe kusomewa kwa sauti, neno kwa neno, nami nikiwepo.