Jina la Amos Shufflebottom

Amos Shufflebottom alikuwa jirani yangu mjini Bury, kaskazini mwa Uingereza, kwa miaka thelathini na moja, na kila alipomtajia mgeni jina lake alisubiri kwanza mgeni amalize kucheka. Kwa sikio la Mwingereza jina hilo ni kama kuitwa Kokota-makalio. Katika kiwanda cha pamba alikofanya kazi, wenzake walimpokea hivi: "Amos, leo umeyakokota yote, au mengine yamebaki nyumbani?"

"Nimemwachia mke wangu ayalinde," alijibu, kisha akawasha mitambo yake.

Mwanawe, Clifford, hakuwa na kifua cha kustahimili hayo. Watoto wa shule walimfuata hadi mlangoni wakiburuta miguu na kuimba. Siku moja, akiwa na miaka tisa, nilimkuta amejificha kwenye banda letu la makaa, shati limechanika.

"Shangazi Nora, usimwambie baba."

Sikumwambia. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Clifford alisoma, akapata kazi London. Mwaka 1968, mama yake akiwa ameshafariki, ikaja kadi ya arusi. Amos alinigongea mlango, kadi mkononi.

"Nora, hebu nisomee. Macho yananidanganya."

Macho yake yalikuwa mazima. Kadi ilisema Clifford Sheldon. Clifford alikwisha kubadilisha jina kwa mwanasheria bila kumwambia mtu. Tulikwenda arusini. Mgeni mmoja akamwita Amos "Bwana Sheldon", na nilimsikia akiitika.

Tangu hapo akaanza kushinda maktabani. Baada ya miezi kadhaa alinivuta hadi kibanda cha simu akihema, mapafu yake yakiwa yameshaliwa na vumbi la pamba.

"Clifford, mwanangu, kumbe si makalio! Ni mahali. Bonde lenye chemchemi ya kuoshea kondoo. Watu wetu walitoka huko. Watu walikosea tu kulitamka, mwaka baada ya mwaka, likawa hivi." Akasikiliza. Uso ukapoa.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema ni habari nzuri. Anasema hawezi kusimama kila mlango akieleza mambo ya kondoo."

Alimwomba waende pamoja kuliona hilo bonde. Clifford aliahidi Pasaka, kisha Agosti. Agosti mkewe akajifungua mtoto wa kiume, Sheldon naye. Oktoba Amos akasema, "Twende sisi, Nora, kabla miguu haijanigomea."

Tulishuka basi, tukatembea taratibu kwenye matope. Palikuwa na kijito ambacho ningekiruka, na kondoo wachache. Mwenye shamba akaja kutuuliza tunatafuta nini.

"Naitwa Shufflebottom," Amos alisema. "Nadhani tulianzia hapa."

Yule bwana alicheka mpaka akashika uzio. Amos alimngoja amalize, kama kawaida yake. Kisha akageuka, akaanza kurudi kituo cha basi, nami nikamfuata.

Februari alifariki, mimi nikiwa nimemshika mkono. Clifford alifika kesho yake, tukaenda ofisi ya kuandikisha vifo.

"Wewe ni nani kwa marehemu?" karani akamwuliza.

"Mwanawe."

"Jina?"

"Sheldon."

Karani akatazama karatasi, akamtazama yeye. "Mtoto wa kambo?"

Hakuuliza kwa ubaya. Clifford aligeuka kutazama nyuma. Shingo ilimwiva kwa haya. Watu wawili nyuma yetu walikuwa wanasikiliza.

"Mwandike huyu mama," akasema mwishowe. "Yeye ndiye aliyekuwepo."

Basi cheti cha kifo cha Amos, mahali pa aliyetoa taarifa, kina jina langu: Nora Entwistle, jirani. Nje, Clifford alikisoma mvuani, akakisoma tena.

"Ningeweza kusema tu, shangazi. Maneno mawili. Wa kumzaa."

"Ungeweza," nikamwambia.

Alinishika bega, akavuka barabara kuelekea stesheni. Mtoto wake hajaletwa huku hata siku moja.